Mgonjwa wa skizofrenia naye aulizwe

Siku ya mgonjwa kuruhusiwa wodini, mambo huenda hivi. Daktari au muuguzi anamwita kaka mtu, anamkabidhi bahasha za vidonge na kumweleza: hivi asubuhi, hivi usiku, sindano mwezi ujao. Mgonjwa mwenyewe amekaa hapo hapo na mfuko wa nguo zake magotini. Kichwa anatikisa kaka mtu. Kisha wanapanda gari kwenda Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, na baada ya miezi michache tunampokea tena, hali mbaya kuliko mwanzo, na ndugu wanalalamika kwamba "alikataa dawa". Kwani kuna siku aliulizwa kama anazikubali?

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaompata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, na mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini mambo yasiyokuwepo, kwa mfano kwamba anafuatiliwa au kuna anayetaka kumwekea sumu, maneno yake hukosa mpangilio, na wengine hujitenga wasitake hata kuoga. Watu wakisikia hayo, na wakisikia kwamba kalazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo hapa Dodoma tangu 1927 na ambayo nchi nzima imeifanya jina la mzaha, huhitimisha kwamba akili yote imekwisha. Haiko hivyo. Mtu anayeamini jirani anamtegea sumu bado anaweza kujua vizuri kabisa kwamba ile sindano ya mwaka jana ilimkakamaza shingo.

Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja moja na kwa wakati wake. Tunaangalia kama mtu anaelewa alichoelezwa, kama anakikumbuka kwa muda wa kutosha, kama anaweza kupima faida na hasara zake, na kama anaweza kutuambia alichoamua. Anayeshindwa siku ya kwanza, akiwa hajalala na anapigana na sauti, huenda akaweza wiki inayofuata dawa zikishaanza kumtuliza. Kwa hiyo kuulizwa mara moja hakutoshi. Na yupo ambaye hawezi kuamua juu ya kulazwa kwake, lakini juu ya kumeza kidonge usiku badala ya asubuhi anaamua vizuri tu.

Kweli, kuna dharura. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kwamba mtu anaweza kulazwa na kutibiwa bila ridhaa yake pale ugonjwa unapomweka yeye au wengine hatarini. Lakini hata anayedungwa sindano akiwa ameshikwa anastahili kuambiwa anadungwa nini na kwa nini, na akitulia aelezwe tena. Wengi hukumbuka kila kitu. Huyo aliyeshikwa akanyamaziwa ndiye atakayetukimbia kliniki.

Mazungumzo yenyewe hasa ni ya dawa na maudhi yake. Haloperidol, ambayo tunaitumia sana, huweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono, kuleta udenda au kumfanya mtu ashindwe kukaa kitako. Zipo dawa za kupunguza hayo, na kipimo kinaweza kushushwa. Olanzapine mara nyingi hunenepesha na huweza kupandisha sukari. Risperidone inaweza kusimamisha hedhi ya mwanamke au kumtoa maziwa wakati hanyonyeshi, naye akadhani karogwa au ana mimba. Yapo pia ya chumbani: kijana hawezi kusema mbele ya mama yake kwamba nguvu za kiume zimepungua. Atanyamaza, na akifika nyumbani vidonge vitaishia chooni. Mtoeni mama nje kwanza, ndipo mumuulize.

Tena mgonjwa ana kazi zake. Dereva wa bodaboda akipewa dawa ya usingizi asubuhi, ataacha dawa au ataanguka barabarani. Mkulima wa Bahi huenda akachagua sindano ya kila baada ya wiki mbili hadi nne ili msimu wa kupalilia asisumbuliwe na vidonge vya kila siku. Mwingine ataikataa sindano hiyo hiyo kwa sababu ikishaingia mwilini haitoki upesi, hata ikimletea maudhi. Wote wawili wana hoja. Jambo moja lazima walijue kabla ya kuchagua: ukiacha dawa leo, kwa kawaida hutaumwa kesho. Zinaweza kupita wiki au miezi unajiona umepona, kisha ugonjwa unarudi.

Wenzetu wa Ujerumani waliwahi kujaribu jambo hili la kuamua tiba pamoja na mgonjwa, kwa wagonjwa 107 wa skizofrenia waliolazwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Walioshirikishwa waliujua ugonjwa wao na tiba zake vizuri zaidi, na madaktari hawakulazimika kutumia muda mrefu zaidi. Nalisema kwa sababu msongamano wodini ndio udhuru wetu wa kila siku.

Ndugu hawaondolewi katika haya. Ndio wanaolipa nauli, ndio wanaoona dalili za mwanzo. Ila wasijibu kwa niaba ya mtu aliyekaa pembeni yao. Akisema anataka pia maombi au kwenda kwa mganga, msimgombeze. Kubalianeni kwamba dawa za hospitali haziachwi, hafungwi kamba, wala hanyimwi chakula. Na kabla hajaondoka wodini, akiwa ametulia, muulizeni: ikitokea umezidiwa tena, apigiwe nani simu, dawa gani ilikusaidia na ipi usipewe, mbuzi na watoto abaki nao nani? Majibu yake yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema, na yeye abaki na nakala.