Osokonoi ni dawa kweli? Tunavyopima miti shamba kwa spektrometa ya masi

Wengi hapa Arusha mnaijua osokonoi, yale magome ambayo wamama wa Kimasai wanauza, ukitafuna kipande kidogo tu ulimi unawaka moto. Kitaalamu mti unaitwa Warburgia ugandensis na watu wanautumia kwa kikohozi, tumbo, homa mpaka malaria. Swali tunaloulizwa sana ni "sasa hii ni dawa kweli au siyo?" na jibu linaanzia mbali kidogo, kwa sababu gome moja lina kemikali nyingi mno, nyingine zinafanya kazi, nyingine ni tanini tu, zile kemikali za ukakasi ambazo ziko kwenye miti kibao, na nyingine ni sumu.

Hapo ndo inaingia spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Tunasaga gome, tunaloweka kwenye methanoli, tunachuja, halafu yale majimaji yanapita kwanza kwenye kromatografia ili kemikali zitoke kwa zamu, zikifika kwenye mashine zinapuliziwa kwenye umeme mkali zinakuwa vitone vidogo sana ambavyo vinakauka na kuacha molekuli zikiwa na chaji, na kitu chenye chaji ndo mashine inaweza kukivuta na kukipima. Mbinu hiyo ya kupulizia ndo iliyompa John Fenn wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa osokonoi tunatafuta alama kwenye uzito wa 235.17, hiyo ni kemikali inayoitwa poligodiali iliyobeba protoni moja (ndo inayoipa chaji), na ni mojawapo ya zile zinazochoma ulimi. Inaua fangasi wa aina ya Candida, hilo linajulikana, ila inashika na protini za mwili wako vilevile, kwa hiyo kuitoa hapo mpaka iwe kidonge cha kumeza ni kazi kubwa sana.

Mimi naona faida kubwa ya hii mashine ni kutuambia mapema kwamba kitu fulani kinajulikana tayari. Zamani mtu anahangaika miezi na miezi kusafisha kemikali moja, mwishoni kumbe ni kwasetini, ile ile iliyoko kwenye vitunguu. Siku hizi mashine inaivunja molekuli vipande, tunalinganisha vile vipande na vilivyohifadhiwa kwenye database za dunia, na kama iko humo tunaachana nayo tunahamia nyingine. Na desimali ni muhimu jamani! Artemisinini, ile dawa ya malaria, ina uzito wa 282.147, lakini kuna molekuli ya fomula nyingine kabisa yenye 282.183, mashine ya kawaida itakuonyesha 282 zote mbili.

Ina mipaka yake pia. Kwinini na kwinidini zina fomula moja na uzito uleule, 324, ila moja tumeizoea kwa malaria na nyingine hospitali wameitumia kurekebisha mapigo ya moyo, kwa uzito peke yake huwezi kuzitofautisha. Na mashine haisemi kama kitu kinatibu, hilo unalipata ukiweka dawa kwenye vimelea hai maabara, baadaye wanyama, baadaye watu.

Kuna jambo linanikera kwa kweli, hii chai ya artemisia, ule mmea wenye artemisinini, ambayo watu wanakunywa kutibu malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake China walitenga artemisinini 1972, akapata Nobel 2015, na mmea wenyewe umelimwa hapa hapa Arusha. Lakini majani ya shamba hili na lile hayalingani kwa kiwango cha dawa, na ukichemsha nyumbani hujui umekunywa kiasi gani. Dozi pungufu inaacha vimelea wanaobaki wakizoea dawa, na Kagera tayari wameonekana vimelea wanaochelewa kufa kwa artemisinini, ndo maana WHO haikubali hiyo chai. Ukiwa na homa kapime, unywe dawa mseto, umalize dozi.

Waganga na wazee mnaotuletea miti, tafadhali msilete unga peke yake. Leteni na tawi lenye majani na maua au matunda ili wenzetu wa herbaria ya taifa (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) pale Ngaramtoni wathibitishe ni mti gani, mtuambie ulichumwa wapi na mwezi gani, na mnavyouandaa, kama mnachemsha au mnaloweka kwenye maziwa. Gome chukueni upande mmoja tu, mti ukichunwa kuzunguka shina lote unakufa.