Maktaba ya Kemikali Si Duka la Dawa

Ukisikia maabara ina maktaba ya kemikali, yaani mkusanyiko wa kemikali milioni tatu za kujaribiwa, usidhani kuna mtu aliyezipika moja moja. Mwaka 1982 mkemia wa Hungaria, Árpád Furka, aliandika njia nyepesi ajabu. Chukua vishanga vya plastiki, vidogo kama chembe za mchanga, uvigawe mafungu 20. Kila fungu libandike amino asidi yake (kijenzi cha protini). Vikoroge pamoja, gawa tena mafungu 20, bandika ya pili. Ukifanya hivyo mara tano umetenda kazi 100 tu, na bakulini una molekuli za aina 3,200,000. Tena kila kishanga kimebeba aina moja peke yake, kwa kuwa kila mzunguko kiliingia fungu moja tu.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: kemikali ikishafanya kazi maabara, dawa imepatikana. Wagonjwa huambiwa hivyo wakakaa wakingoja. Tazama sorafenib, dawa ya saratani. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni za dawa Bayer na Onyx zilichuja kemikali 200,000 zikitafuta itakayozuia Raf, kimeng'enya kinachochochea seli za saratani kugawanyika. Ziliyoipata ilikuwa dhaifu. Ikabidi ziunde maktaba nyingine, ya ndugu zake wapatao 1,000, zikibadilisha kipande huku na kipande kule, ndipo njia ya kufikia sorafenib ikafunguka. Marekani iliiidhinisha Desemba 2005 kwa saratani ya figo, na 2007 kwa ya ini. Kuzuia kimeng'enya ndani ya kishimo cha trei ya majaribio maabarani ni jambo moja. Kumezwa, kufyonzwa, kuponyoka ini lisiivunje mapema, na kutomdhuru mgonjwa ni mengine kabisa.

Na wingi? Maktaba nyingi za mwanzo zilijaa molekuli kubwa mno, zisizoyeyuka vizuri na zinazofanana mno. Ni sawa na kuwa na funguo elfu za kufuli la aina moja.

Wapo pia wanaosema mimea imepitwa na wakati kama chanzo cha dawa. Artemisinini, tegemeo letu dhidi ya malaria, ilitolewa kwenye mmea na kundi la Tu Youyou nchini China mwaka 1972. Leo wakemia huchukua kiunzi cha molekuli ya mmea, kisha wakajenga maktaba nzima kukizunguka.