Gesi ya friji haiishi, inavuja: maelezo kwa wenye friji na mafundi wa Lamu

Kila inapokaribia tarehe 16 Septemba, siku ya kimataifa ya kuhifadhi tabaka la ozoni, simu za ofisi yetu ya mazingira huongezeka. Mwaka huu zimekuwa za aina mbili. Wenye nyumba za wageni, hasa upande wa Shela, wanauliza kama ni kweli serikali itapita kuchukua AC zao za zamani. Wauza samaki nao wanalalamika kwamba wametia gesi kaskazi iliyopita, wakatia tena kusi hii, na friza bado haigandishi. Wanaopiga simu hawajuani, ila nimekuja kuona kwamba wote wanauliza jambo moja, nalo ni gesi.

Nianze na hilo la AC. Hakuna atakayekuja kuchukua AC yako. Hakuna atakayekuja kuchukua friji yako. Nimelisema hili katika baraza za Langoni na Mokowe, na bado naulizwa. Mikataba tunayoitekeleza inabana kiasi cha gesi kinachoingia nchini, na sheria inabana namna gesi hiyo inavyoshikwa ikishaingia. Chombo ulichonacho kitumie mpaka kife. Ila kadiri miaka inavyokwenda, gesi ya kukihudumia itakuwa adimu na ghali, na hapo ndipo lawama zote hutupiwa sisi.

Ratiba yenyewe iko wazi tangu zamani. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilianza na gesi zilizotoboa tabaka la ozoni. R-12 ya friji za kizamani imekwisha. R-22, ambayo bado imo katika AC nyingi za hapa, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuipunguza kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, kwa kulinganisha na wastani wa 2009 na 2010. Ikifika 2030 inaondoka, isipokuwa kisehemu kidogo cha kuhudumia mashine za zamani hadi 2040. Gesi zilizokuja badala yake, yaani R-134a, R-404A, R-410A na ndugu zao, haziiumizi ozoni ila zinapasha joto dunia vibaya sana. Ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 zikaongeza marekebisho, na Kenya ni miongoni mwa zilizoyaridhia. Kundi letu la nchi zinazoendelea lilitakiwa kusimamisha ongezeko la gesi hizo mwaka 2024, kisha zipungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029, 30 ifikapo 2035, 50 ifikapo 2040 na 80 ifikapo 2045.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Friji haili gesi. Gesi ya friji si kama ile ya kupikia, ambayo ukiwasha jiko inapungua mpaka mtungi unakuwa mwepesi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kiwandani, ikigeuka maji na kurudi hewa. Friji iliyotoka kiwandani na gramu 60 inapaswa kufa ikiwa na gramu 60 zile zile. Fundi akikuambia "gesi imeisha", muulize imevuja wapi. Hana jibu? Basi anachokuuzia ni gesi ya kwenda kumwaga hewani, na msimu ujao mtaonana tena.

Kwa hapa Amu, yaani Lamu, sababu za kuvuja nazijua kama nijuavyo njia ya kwenda gatini. Ya kwanza ni chumvi. AC iliyotundikwa ukuta unaotazama bahari huanza kuliwa pale shaba inapokutana na bati la alumini, na kabla ya miaka mingi bomba limekuwa na matundu usiyoyaona kwa macho. Dawa yake ni kuosha sehemu ya nje kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila mwezi. Najua maji ya visima vya Shela hayatoshi hata kunywa, na kuna bwana mmoja aliniuliza kama nataka AC ioge yeye asioge. Lita chache zinatosha. Usitumie maji ya bahari, na natamani lisingehitaji kusemwa.

Ya pili ni kisu. Barafu ikijijenga ndani ya friza, mtu anachukua kisu cha kuparia samaki anaanza kuchokoa. Chini ya ile barafu kuna bati jembamba lenye njia za gesi ndani yake. Pigo moja likienda vibaya unasikia "psss", na hapo umeshapoteza gesi yote. Akina mama wa samaki, zimeni friza, fungueni mlango, wekeni sufuria ya maji moto ndani, subirini. Ya tatu ni safari. Friji inavushwa na mashua kutoka Mokowe, inapanda punda, inapigwa kona kwenye vichochoro ambavyo hata punda mwenyewe hupita kwa ubavu, na bomba la nyuma ndilo hutangulia kugonga ukuta.

Kwa nini serikali ihangaike na hewa ya friji moja? Kilo moja ya R-22, kiasi kinachokaribia kile cha AC ndogo ya chumba kimoja, ikimwagwa hewani hupasha joto dunia sawa na kilo 1,810 za kaboni dioksidi katika miaka 100. Ni kama kuchoma lita 780 hivi za petroli. R-410A ni 2,088. R-404A ya majokofu makubwa ya samaki ni 3,922. Fundi anayefungua vali ili "kutoa gesi chafu" kabla ya kutia mpya amemaliza kazi hiyo katika dakika mbili, akiwa juu ya dari, huku anapiga soga.

Utaratibu unaotakiwa ni huu, na mafundi wanisamehe nikiurefusha. Kabla ya kufungua mfumo, gesi iliyobaki hukusanywa kwa mashine ya kukusanyia na kuingizwa katika mtungi maalumu wa kazi hiyo, si mtungi wa kutupa ulionunuliwa na gesi mpya. Mtungi huo huwekwa juu ya mizani tangu mwanzo hadi mwisho na haujazwi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu juani gesi iliyogeuka maji hutanuka na isipopata nafasi itapasua chuma. Kila aina ya gesi ina mtungi wake. Ukichanganya R-22 na R-410A umepata kitu kisichofaa kutumika tena wala kusafishwa kwa urahisi. Mfumo ukishakuwa mtupu, jaza naitrojeni kavu, pitisha povu la sabuni kwenye viungio, tafuta tundu, lizibe. Naitrojeni, narudia. Si oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na hilo halina msamaha. Baada ya hapo vuta vakumu, yaani toa hewa yote iliyomo kwa pampu, hakikisha inakaa, ndipo utie gesi kwa kupima gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kutia kwa kusikiliza au kwa kushika bomba kama limepoa si kupima.

Kuhusu sheria. Kanuni za 2007 za kemikali zinazodhibitiwa zinamtaka anayeingiza gesi zinazoharibu ozoni awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mizigo inayokuja kwa njia za panya haina cha kujitetea. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 144 kama kilivyorekebishwa 2015, inaweka adhabu ya jumla pale ambapo hapana adhabu mahususi: kifungo kisichopungua mwaka mmoja na kisichozidi miaka minne, au faini isiyopungua shilingi milioni 2 na isiyozidi milioni 4, au vyote viwili. Soma tena hapo kwenye "isiyopungua". Hakimu akikuona una hatia chini ya kifungu hicho, kulia kwamba duka lako ni dogo hakumpi nafasi ya kushuka chini ya milioni 2. Mkaguzi wa mazingira anayo haki ya kuingia katika kiwanja, jengo, chombo cha baharini au gari kukagua. Sheria imetaja hata mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe. Punda haikumtaja, na kuna waliolichukua hilo kwa furaha kupita kiasi. Haya ni maelezo ya jumla, si ushauri wa kisheria. Mwenye shauri lake amwone wakili.

Tukija kwenye gesi mbadala, hapa ndipo hofu yangu kubwa ilipo. R-600a ya friji za nyumbani na R-290 ya friza na baadhi ya AC zina nguvu ya kupasha joto isiyofika hata 5, kwa kipimo kile kile kinachoipa R-22 1,810. Mitambo mikubwa ya barafu imekuwa ikitumia amonia miaka mingi, nayo ni sifuri, ila ni sumu na inataka watu waliofunzwa. R-32 ina 675. Ni hatua, si mwisho wa safari. Friji nyingi mpya madukani tayari zina R-600a. Pengine unayo na hujui.

Lakini R-290 na R-600a zinashika moto. Mashine iliyoundwa kwa gesi hizo ina swichi zisizotoa cheche mahali gesi inapoweza kufika, na gesi yake ni chache. AC yako ya R-22 haikuundwa hivyo. Siku hizi kuna mafundi wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakisema wanaweza "kuigeuza iwe ya kijani", kisha wanatia kutoka mtungi wa kilo 6 wa kupikia. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko, ina unyevu na dawa ya harufu, na haikusafishwa kwa kazi hii. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kuta nene, dirisha dogo, na jiko la mkaa ukumbini, sihitaji kueleza zaidi. Zipo kesi tunazozichunguza, kwa hiyo sitataja mahali. Mashine isiyoandikwa R-290 haitiwi R-290.

Na rangi ya mtungi isiwadanganye. Zamani samawati nyepesi ilimaanisha R-134a, kijani chepesi R-22, waridi R-410A. Mpango huo umeachwa katika masoko makubwa, na wanaoghushi hawajawahi kuuheshimu. Mwaka 2011 makontena ya jokofu yalilipuka Vietnam na Brazil, watu wakafa, baada ya kutiwa gesi bandia yenye kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikipata hewa. Bei ikiwa nusu ya ile ya duka la jirani, uliza karatasi.

Anayenunua friji mpya asome kibandiko cha nyuma kabla ya kusoma bei: aina ya gesi, idadi ya gramu, kisha nyota za EPRA, mamlaka ya nishati, zinazoonyesha inavyobana umeme, kwa kuwa umeme utaulipia miaka yote ya friji hiyo. Friji za mtumba zinazoteremka gatini kwa bei ya kutupa nyingi zimeshafunguliwa na watu wengine, na ukiona bomba la kujazia lina alama mpya ya kuchomelea, ujue imeshavuja mara moja. Mafundi wenye mitungi ya gesi iliyokusanywa ambayo hawajui waipeleke wapi waje ofisini nayo, ikiwa na karatasi iliyobandikwa jina la gesi na uzito. Isiyo na jina tutaipokea pia, ila mtasubiri ipimwe.