Mega zako zinaishia wapi? Namna ya kutuma apt kazi bila kumaliza forfe

Kuko swali moja yenye wanafunzi na watu wa maofisi wanatuuliza sana hapa Bukavu mu sale yetu ya informatiki: nimeingia mu Linux (system ya kuendesha mashini, pa nafasi ya Windows) juu iko ya bure, sasa mbona forfe yangu inaisha mbio kuliko zamani? Linux yenyewe haina kosa. Shida iko ku namna tunatuma apt, chombo ya kushusha programu, kazi bila kuiangalia: mutu anakopi komandi fulani, anafinya Enter, anajibu O (oui) kwa kila kitu, kisha anaondoka kutafuta chai, akirudi anakuta rezo imekatika na mega zimeisha.

Apt ndiyo inaleta programu mu Debian, Ubuntu, Linux Mint na zingine za ile familia, na iko kazini tangu 1999, Debian 2.1. Wengi bado wanachanganya vitu viwili. `sudo apt update` (sudo ni kuomba ruhusa ya mukubwa wa mashini) haileti programu hata moja, inaleta listi tu, ni kusema inauliza kuko nini mupya. `sudo apt upgrade` ndiyo inashusha vitu vyenyewe. Ukikaa muda mrefu bila update, kisha unataka kuweka programu, apt itaenda kutafuta faili ya zamani yenye walisha kutoa ku seriva (mashini ya mbali yenye inatunza faili), itakurudishia 404, ni kusema faili haionekane, na wewe utasema rezo ndiyo mbaya.

Kabla ya kujibu ile [O/n], soma mistari iko juu yake. Pale apt inakuambia mega ngapi itashusha na nafasi ngapi itakamata mu diski. Kama unataka kuona mupango bila kugusa kitu:

sudo apt-get -s upgrade

Ile -s inafanya apt iigize tu, haiweke kitu. Kisha angalia kama programu yenye unataka inavuta zingine zenye hazilazimike. Apt iko na tabia ya kuleta pia vile inapendekeza, na mara nyingi ndivyo vizito. Ukiongeza `--no-install-recommends` ku komandi, inakata hivyo vyote. Kwa seriva mimi naitumia bila kufikiri mara mbili, lakini ku mashini ya mutu wa kawaida naenda polepole, juu unaweza kukuta programu imefunguka vizuri na kitu kidogo chenye alikuwa anahitaji hakiko, kisha anakuita kila siku.

Sasa wale wenye wananunua forfe ya usiku, kuko komandi muzuri sana:

sudo apt-get -d upgrade

Hiyo -d inamaanisha shusha tu, usiweke. Faili zote zinakaa mu /var/cache/apt/archives. Asubuhi, hata bila rezo, unaandika `sudo apt-get upgrade` na inaweka vile ilishusha, haiombe mega tena. Rezo ikikatika katikati usiku, usiogope, rudilia komandi ile ile, apt itaendelea penye iliishia, faili ya nusu inaikalisha mu folda inaitwa partial. Na kama muko wengi ku ruta moja na hautaki wenzako wakulaani, ongeza `-o Acquire::http::Dl-Limit=100`, haitapita kilobaiti 100 kwa segonde.

Lakini kuweka ndiyo saa ya kuogopa, kuliko kushusha. Mu hii muji yetu kuranti inaenda bila kuaga, na mashini bila batri ikizimika wakati programu zinajipanga, utaikuta nusu nusu, apt inakataa kila kitu. Usikimbilie kuformata! Andika kwanza:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Mara nyingi inatosha. Na ikikuambia kuko kufuli, ya kwamba programu ingine inatumia dpkg (chombo yenye apt inatumia kuweka programu), ngojea, juu Ubuntu inafanya apdeti za usalama yenyewe bila kukuuliza. Intaneti imejaa ushauri wa kufuta ile faili ya kufuli na rm, mimi nakataza kabisa mu sale yangu, juu kama kweli kuko kazi inaendelea pale nyuma, utaharibu zaidi.

Tuje ku kitu chenye kinaokoa pesa kabisa, kwa masomo, kwa siberi, kwa ofisi yenye iko na mashini kumi. Mashini kumi zikishusha LibreOffice (programu za ofisi) ile ile, umelipa mara kumi. Sababu moja ni kwamba komandi `apt`, tangu version 1.2, inafuta faili za .deb (zile zenye kubeba programu) kisha kuweka, lakini `apt-get` inaziacha. Watu wengi hawajui hiyo tofauti. Kwa hiyo tumia `apt-get install` kama unataka kubakisha faili, kisha zikopi ku flashi, folda moja kwa kila programu, na ku mashini ingine unaingia mu ile folda:

sudo apt install ./*.deb

Mashini zote paka zikuwe na system moja, version moja, vile za Ubuntu 24.04 na 24.04. Na ujue apt inashusha tu vitu vyenye vilikosekana ku ile mashini ya kwanza, ingine inaweza kuomba kitu zaidi. Lakini hii njia ya flashi iko na ubaya wake, juu .deb yenye inatoka ku flashi haipiti mu kontrole ya sinyature (alama ya kuhakikisha nani alitengeneza) vile inatoka ku seriva ya Debian ao Ubuntu. Flashi ya mutu haujui, acha.

Penye kuko rezo ya ndani, hata ruta ndogo bila intaneti ya nguvu, weka apt-cacher-ng ku mashini moja. Ni kama kutuma mutoto mumoja ku soko ya Kadutu aletee majirani wote. Mashini ya kwanza ikiomba programu, inashuka kutoka intaneti na kopi inabakia pale, mashini ya pili mpaka ya mwisho zinaikamata mu rezo ya ndani, hakuna mega hata moja inaenda kwa ile faili. Ku mashini kubwa unaandika `sudo apt install apt-cacher-ng`, na ku zingine unatengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy yenye mustari moja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Ile anwani weka ya mashini yako kubwa, 3142 uiache vile. Mutu akibeba laptopu yake nyumbani atoe hiyo faili, kama sivyo apt itatafuta mashini yenye haiko. Na wanaouliza kama si hatari kupitisha programu mu http ya wazi: listi ya Debian na Ubuntu iko na sinyature, ndani muko namba ya SHA256 (namba yenye inatokana na faili yenyewe, ikibadilika namba inabadilika) ya faili zingine, na zile faili ziko na namba ya kila .deb. Mutu akibadilisha kitu njiani, namba hazilingane, apt inakataa. Ndiyo maana ukiona mahali wanakuambia uongeze `--allow-unauthenticated`, yenye inaruhusu vitu bila hiyo kontrole, funga ile paji.

Diski ikijaa, `du -sh /var/cache/apt/archives` itaonyesha faili zimekamata nafasi gani. Wengi wanapiga `apt-get clean`, inafuta yote, hata zile ulilipia juzi. Piga `sudo apt-get autoclean`, inatoa tu zenye haziko tena ku seriva.

Bado kuko mwizi mumoja wa mega wenye si apt. Mu Ubuntu, tangu 21.10, Firefox inakuja kama snap, namna ingine ya kufunga programu yenye si .deb, na snap iko na mwendo wake, inajiongezea yenyewe, haipiti ku apt-cacher-ng wala haisikilize mipango yako ya usiku. Unaweza kuisimamisha kwa siku tatu na `sudo snap refresh --hold=72h`, kisha uifanye mwenyewe saa yenye forfe iko bei ndogo, `sudo snap refresh`. Kuijua imepanga kushuka saa gani, andika `snap refresh --time`.