Nyumbani Iowa, Kazi Minnesota: Ujaze Ritani Ipi Kwanza?

Mwanafunzi wa Des Moines, Iowa, aliyefanya kazi Minneapolis, Minnesota, wakati wa likizo ya kiangazi hutumiwa na mwajiri fomu W-2, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, mwanzoni mwa mwaka. Atazame sehemu ya chini, visanduku vya 15, 16 na 17. Hapo pana jimbo, mshahara uliopatikana humo, na kodi ya jimbo iliyokatwa. Akikuta MN, yaani Minnesota, ajue ana ritani mbili za majimbo (fomu za kutangaza mapato na kodi), mbali na ile ya serikali kuu.

Miezi mitatu ya kibarua haihamishi makazi ya mtu kisheria. Iowa bado humhesabu mkazi wake na hutoza mapato yake yote, popote yalipopatikana. Minnesota hutoza yale tu aliyoyachuma humo. Ili asitozwe mara mbili, Iowa humpa unafuu kwa kodi aliyotozwa Minnesota. Ndiyo maana Minnesota hutangulia (fomu M1 na jedwali M1NR), kisha ritani ya Iowa, IA 1040, pamoja na IA 130, fomu ya kuombea unafuu huo. Akianzia nyumbani, hana tarakimu ya kuombea unafuu.

Wengi huteleza hapa: unafuu hufuata kodi uliyodaiwa kweli, si ile aliyokata mwajiri. Chukua mtu aliyelipwa dola 6,000 Minneapolis mwaka 2024, akakatwa 240. Mwaka huo asiye mkazi aliyepata chini ya dola 14,575 Minnesota hakudaiwa kodi na jimbo hilo. Akijaza ritani, 240 zake zinarudi zote. Basi kwa Iowa unafuu wake ni sifuri. Akiandika 240 kwenye IA 130 anadai fedha ile ile mara mbili. Tena, kwa kuwa hakuna aliyemkatia kodi ya Iowa kwenye zile 6,000, kama alikuwa na kazi nyingine mwaka huo huenda Iowa ikamdai. Hizo 240 asizile mapema.

Kazi ingekuwa Chicago, jimbo la Illinois, mambo yangekuwa mepesi. Iowa na Illinois zina makubaliano kwamba mshahara hutozwa na jimbo la nyumbani peke yake; unampa mwajiri fomu IL-W-5-NR, hakati kodi ya Illinois. Ikiwa imeshakatwa, unairudisha kwa IL-1040 na jedwali NR. Lakini usitegemee maneno ya binamu aliyesoma zamani, maana makubaliano hubadilika: makubaliano kama hayo kati ya Minnesota na Wisconsin yalikoma mwishoni mwa 2009. Na aliyefanya kazi Texas au Florida, zisizotoza mshahara, asidhani amepona. Nyumbani bado wanamsubiri.

Wenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, kwa kawaida katika miaka 5 ya kwanza Marekani, hujaza 1040-NR, ritani ya wasio wakazi, kwa serikali kuu. Programu nyingi za kodi humwekea mtu 1040 ya kawaida bila kumuuliza viza yake, na kosa hilo huingia hadi kwenye ritani za majimbo, maana nazo huchukua tarakimu humo.

Mwisho wa kuwasilisha ritani Minnesota ni Aprili 15, Iowa Aprili 30.