Mlima Mfupi wa Saanane: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Ukiulizia Mwanza habari za kupanda mawe ya kisiwa cha Saanane, kilichomo ndani ya Ziwa Victoria, utaambiwa ni kitu kidogo, unavuka na boti kutoka Capri Point, unapanda, unashuka, basi. Udogo wake ni kweli. Hifadhi nzima, pamoja na maji yanayoizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu, ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Lakini kutokana na udogo huo yamezuka maneno yanayowaponza watu.

La kwanza: njia fupi haihitaji viatu, kandambili zinatosha. Hazitoshi. Jabali kavu linashika soli vizuri sana, ila likipata manyunyu, ule utando mweusi na wa kijani uliolala juu yake unateleza kama sabuni. Na wengi hudhani kazi iko kwenye kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakotesa: magoti yamechoka, uzito wote unakuja mbele, na macho yameshahamia kwenye mandhari ya ziwa. Vaa raba zenye meno.

La pili: hapa ni ufukweni, kwa hiyo jua lake ni la kawaida. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua lake ni kali. Upepo wa ziwa unakupoza ngozi, hivyo hujui unaungua mpaka jioni. Panda asubuhi, beba maji na kofia. Mawingu meusi yakianza kujikusanya, shuka mara moja. Ukanda huu una radi nyingi, na juu ya jabali tupu wewe ndiye mrefu kuliko vyote.

Halafu kuna mawe yenyewe. Wapo wanaoamini yalirushwa na volkano, wengine husema yalipangwa na majitu ya kale. Sogea karibu, pitisha kidole: utahisi chembechembe ngumu, nyingine nyeupe, nyingine zinameta. Hiyo ni graniti. Chembe hukua hadi kuonekana hivyo pale tu mwamba unapopoa polepole chini ya ardhi, na huu ulipoa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Baadaye ukapasuka, maji yakapenya kwenye nyufa na kuzila kingo, udongo ukachukuliwa na mvua. Kilichobaki ni viini vya mviringo, jiwe limekaa juu ya jiwe. Kwangu mimi maelezo haya yanastaajabisha kuliko hadithi ya majitu.

Mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga "pushapu" juu ya jiwe, hana sumu. Ni dume anayetangaza eneo lake. Muache, usimpige mawe. Pimbi naye, yule mnyama mdogo wa majabalini, si panya. Tembo ni mmoja wa ndugu zake wa karibu.

Lililo baya kuliko yote ni lile la kushuka na jasho kisha kujitosa ziwani upoe, eti maji matamu hayana madhara. Kisiwa kina mamba. Tena kwenye maji ya kina kifupi ufukweni wanaishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Jimwagie maji ya chupa uliyobeba, ukaoge nyumbani.