Kilimani, tazama dharuba kabla ya wastani

Watu wengi wakisoma utabiri kabla ya kupanda kilima huulizia mvua. Mimi huanza na upepo, na katika upepo nautafuta ule wa dharuba, yaani mvumo mkali wa ghafla, si wastani. Wastani hupimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, ukachukuliwa kwa dakika 10. Dharuba hupimwa kwa sekunde 3 tu, na sekunde hizo zinatosha kumwangusha mtu.

Hesabu yake ni fupi: kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Mtu mzima aliyesimama wima, akipigwa na upepo wa kilomita 36 kwa saa, husukumwa kana kwamba ameegemewa na mzigo wa kilo 4 hivi. Ukifika kilomita 72, mzigo huo unakaribia kilo 17.

Kilima nacho hutia chumvi. Hewa inayogonga mteremko hubanwa karibu na mgongo wa kilima, ikaongeza mwendo. Penye pengo kati ya vilele viwili hubanwa zaidi. Ukivuka upande wa pili unadhani umepona, kumbe huko hewa inajizungusha ovyo, mara ikusukume, mara ikuvute.

Majuzi nilipanda na rafiki yangu siku ya namna hiyo. Ni mrefu, na kifuniko cha mvua cha begi lake kilikuwa kimejaa hewa kama tanga. Nilimwambia akivue, kwanza ya yote. Halafu nikamwona anauegemea upepo kwa uzito wake wote. Hiyo ndiyo tabia ninayoikataza kuliko zote, kwa maana dharuba hukatika ghafla, na aliyeegemea hewa hubaki hana anachokiegemea. Magoti yalegee kidogo, miguu iachane, hatua ziwe fupi. Ikija kubwa, chuchumaa mpaka ipite. Na mgongo wa kilima ukiwa mwembamba, pita upande unaopigwa na upepo, ili ukisukumwa usukumiwe kilimani, si korongoni.

Ishara za mikono tulikubaliana tukiwa bado chini: simama, chuchumaa, turudi. Huko juu unapiga kelele sikioni mwa mwenzako na bado anajibu kitu kingine kabisa.

Baridi watu huisahau kwa sababu wanatoka jasho. Nyuzi 5 za selsiasi pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huzihisi kama sifuri, kwa hiyo koti livaliwe kabla ya kutoka kwenye kinga. Kulivaa mgongoni pa kilima ni mieleka, na glavu zikiponyoka hazirudi.

Sehemu nyembamba ilipoanza, dharuba zilikuwa zinafuatana bila kutupa nafasi ya hatua tano. Nikatoa ishara ya tatu. Rafiki yangu alikitazama kilele, akatingisha kichwa, lakini akageuka.